Hajajibu haimaanishi hajui

Mwanangu ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano. Ripoti yake ya kwanza ya kupimwa lugha na akili niliisoma nimesimama koridoni, hata kukaa sikukaa. Kurasa nne. Ukurasa wa tatu kulikuwa na mstari unasema mtoto hana lugha yenye maana na uelewa wake uko chini sana, alafu ikafuata namba. Namba yenyewe siiandiki hapa kwasababu mpaka leo siamini kama ilikuwa ya kwake. Alikuwa na miaka 3 na miezi 4. Niliingia mle ndani nikijua mtoto wangu ana shida ya kuongea, hilo sikatai, nikatoka nimeambiwa kichwani hamna kitu, kwa maneno ya kitaalamu lakini maana yake ndo hiyo.

Ngoja nieleze siku yenyewe ilivyokwenda maana ukiisikia utaelewa kwanini nasema hivi. Aliwekwa kwenye kiti, miguu inaning'inia haifiki chini, mbele yake meza, upande wa pili mtu hajawahi kumuona maishani ana fomu na kalamu. Zikatolewa kadi za picha nne nne. Onyesha mpira. Kimya. Onyesha kiatu. Kimya. Onyesha kikombe. Mwanangu akazichukua zile kadi akaanza kuzipanga kwa kingo zake mpaka zikanyooka kama rula, na moja ilikuwa imewekwa kichwa chini miguu juu, akaigeuza ikakaa sawa. Mi niliona. Sasa mtoto anayejua picha imepinduliwa si anajua ile picha ni ya nini? Lakini fomu haikuwa na sehemu ya kuandika hicho kitu, ilikuwa na sehemu ya "ameonyesha" na "hajaonyesha", basi ikajazwa hajaonyesha, hajaonyesha, hajaonyesha.

Baada ya kama nusu saa akaja kwangu, akanikamata kiganja, akaupeleka mkono wangu mpaka kwenye kitasa cha mlango na akasema kwa sauti kabisa, "Unataka kwenda nyumbani?" Yule mpimaji akaandika: anarudia maneno bila maana.

Bila maana jamani. "Unataka kwenda nyumbani?" ndo swali ninalomuuliza mimi kila tukimaliza mahali. Yeye alichukua sentensi ile ile aliyoisikia muda ule ule inapotumika na akaitumia. Alikuwa anasema nataka kwenda nyumbani. Kilichobadilika ni silabi moja tu mwanzoni, maana Kiswahili chetu "wewe" na "mimi" inakaa hapo, unataka na nataka, na hiyo silabi ndo alikuwa bado hajaigeuza.

Hii ya kurudia kama mwangwi sio kitu kipya. Daktari wa akili za watoto aitwaye Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowaona, ile makala ambayo ndo iliufanya usonji ujulikane kama hali yenye jina lake, alishaeleza kwamba hawa watoto wanarudia sentensi walizozisikia na wanasema "wewe" wakimaanisha "mimi". Lakini miaka mingi baada ya hapo watu walichukulia ni tabia mbaya ya kukomesha, yani mtoto akirudia unamnyamazisha. Mpaka watafiti wawili, Prizant na Duchan, mwaka 1981 walipokaa na video za watoto wanne na kuchambua mirudio zaidi ya 1,000, mmoja mmoja, wakiangalia mtoto anatazama wapi, ameshika nini, sauti imepanda au imeshuka, wakakuta ile mirudio ina kazi saba tofauti. Mara mtoto anaomba, mara anakubali, mara anashika zamu yake kwenye mazungumzo, mara anajisemesha mwenyewe ili afanye kitu. Nilipokuja kulijua hili nililia, sio kwa huzuni, ni kwasababu nilianza kuzirudia kichwani sentensi zote za mwanangu nilizokuwa nazipita. Kuna moja alikuwa anaisema sana, "Pole, imeisha, imeisha." Nilidhani ni wimbo tu. Kumbe ndo maneno ya nesi siku aliyochomwa sindano. Alikuwa anayasema mashine ikinguruma, mlango ukijibamiza, mtu akipayuka. Alikuwa ananiambia anaogopa, na alikuwa ananiambia kwa miezi.

Kabla sijaendelea niseme kitu kimoja maana kuna wazazi wanakiruka: masikio kwanza. Mtoto hajapimwa masikio, usikubali mtu aanze kumpima akili wala lugha. Na sio kupima kwa kupiga makofi nyuma ya mgongo wake, kuna vipimo ambavyo mtoto hahitaji kujibu chochote, wanaweka kifaa kidogo sikioni kinasikiliza mwitikio wa sikio la ndani, au wanabandika vifaa kichwani akiwa amelala wanaangalia ubongo unavyoitikia sauti. Kuna maji yanaweza kukaa nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu, mtoto anasikia kama yuko chini ya maji, leo anaitika kesho haitiki, watu wanasema mjeuri. Na mtoto ambaye alikuwa na maneno alafu yakapotea, hiyo usisubiri kabisa, muone daktari haraka, maana mara chache inaweza kuwa kifafa ambacho hakionekani kwa macho, kinakwenda usingizini na kinakula lugha.

Sisi masikio yalikuwa mazima. Mwaka mmoja baadae tukapata mtu mwingine, dada mmoja wa tiba ya usemi anayefanya kazi pamoja na mwanasaikolojia, na tofauti niliiona dakika ya kwanza, alikaa chini. Sakafuni kabisa. Akakaa kama dakika 20 hamuulizi mtoto swali hata moja, anacheza pembeni yake na vitu vile vile anavyochezea yeye. Nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba muda unaisha, nikamuuliza, dada tunaanza saa ngapi, akanijibu taratibu, "Tumeshaanza mama."

Alafu akatoa kopo la mapovu ya sabuni. Akapuliza mara mbili, mwanangu akaruka na kucheka. Akafunga kifuniko kwa nguvu, akampa kopo mkononi, akanyamaza. Hakusema unataka tena, hakusema fungua, akanyamaza tu na kumwangalia. Mwanangu akalizungusha kile kifuniko, hakifunguki. Akagonga kopo sakafuni. Akamrudishia dada, akaliweka kabisa kwenye kiganja chake akakikunja kile kiganja juu ya kopo. Dada akatulia. Ndo mwanangu akanyanyua macho, sijui hata kama sekunde ilifika, akamwangalia usoni, akasema "Tupulize tena?" Akapuliziwa hapo hapo.

Ile dakika moja na nusu dada aliandika karibu nusu ukurasa. Baadae akanisomea: anaomba, akishindwa habadilishi lengo anabadilisha njia, amejaribu njia nne, anatumia mkono wa mtu kabla ya uso wa mtu, ana sentensi za kurudia zenye maana. Alafu akaandika na kile ambacho hakikutokea, kwamba povu kubwa lilipopaa mwanangu alilifuata kwa macho mpaka likapasuka lakini hakugeuka kunitazama kama anasema mama umeona lile. Hapo ndo nikafundishwa kwamba kunyoosha kidole kuko kwa aina mbili. Kuna kidole cha nipe na kuna kidole cha tizama. Watoto wengi wanaanza kunyoosha kidole wakikaribia au kupita kidogo mwaka mmoja, na wanafanya vyote viwili. Mtoto mwenye usonji mara nyingi nipe inakuja, kwa kidole au kwa kukuvuta mkono, ila tizama inachelewa sana au haiji. Na ni tizama ndo inabeba maneno, maana mtoto anajifunza jina la kitu pale wewe na yeye mnapokiangalia pamoja. Mi nilikuwa nahesabu maneno tu, kumbe kuna kitu kinatangulia maneno na sikuwa nakiangalia.

Upande wa akili walitumia mtihani usio na maneno, hakuna anayeongea, si anayepima si anayepimwa, ni ishara tu na kadi na vipande vya kupanga mpaka viendane. Unaitwa Leiter, na wazo lake ni la zamani, tangu 1929. Kuna na ule wa Raven wa 1938 ambao una mchoro umekatwa kipande, unatafuta kipande kinachojaza. Mwanangu huyu huyu wa "uelewa uko chini sana" alipewa kadi na hakutaka kuinuka. Alama zake zilikuwa za mtoto wa kawaida wa umri wake. Sisemi hivi ili kujisifia, na wala sio kila mtoto itakuwa hivyo, wapo watoto wenye usonji ambao wana na ulemavu wa akili na wanastahili heshima na msaada ule ule. Ninachosema ni kwamba njia ya kuuliza inabadilisha jibu. Mwaka 2007 Michelle Dawson, ambaye mwenyewe ana usonji, pamoja na Laurent Mottron na wenzao kule Montreal walichapisha utafiti ambapo watoto wale wale wenye usonji walipimwa kwa mtihani wa akili wa Wechsler, ambao una maswali mengi ya maneno, na kwa ule wa Raven. Kwenye Raven nafasi yao ukiwapanga kati ya kila watoto 100 ilipanda kwa wastani wa nafasi 30. Fikiria hiyo. Mtoto yule yule, kichwa kile kile. Kwa watoto wasio na usonji pengo hilo halikuwepo.

Lakini nisiwe wa upande mmoja, maana yule dada alinionyesha na kitu ambacho mi sikutaka kukiona. Mi nilikuwa naapa kwamba mwanangu anaelewa kila kitu, haongei tu. Wazazi wengi tunasema hivyo. Akaniambia mama, kaa hapa, weka mikono mapajani, usiangalie popote, mwambie akalete viatu. Nikasema, kalete viatu. Akaniangalia. Nikarudia. Akachukua gari lake akaendelea. Mara ya tatu akaniambia sasa fanya kama mnavyofanya nyumbani, nikasimama, nikashika begi, nikageukia mlangoni, nikasema kalete viatu, mtoto mbio akavileta. Nilitulia sana. Kumbe alikuwa anasoma begi, anasoma mlango, anasoma mwili wangu, na neno viatu lilikuwa linapita tu pembeni. Huko kusoma mazingira kwenyewe ni akili, dada alisema hivyo na aliandika hivyo, lakini sio sawa na kuelewa neno, na kama nisingejua ningeendelea kumwambia maelezo marefu na kumuona mkaidi. Kwahiyo kipimo kizuri sio kile kinachokupa moyo tu. Kinakuambia ukweli kwa pande zote, na kinakuambia kwanini.

Kuna jambo la Kiswahili ambalo naona halisemwi. Moja ya njia za kupima lugha ya mtoto ni kurekodi anavyoongea alafu unapiga hesabu, kwa wastani kila sentensi ina vipande vingapi. Njia hii ilipata umaarufu na mtafiti wa lugha za watoto Roger Brown mwaka 1973 na watoto wake walikuwa wanaongea Kiingereza. Sasa mtu akichukua hesabu ile ile na kuhesabu maneno kwa mtoto wetu anampunja. "Sitaki" ni neno moja. Lakini lina kukana, lina nafsi, lina mzizi, tena mwishoni irabu imegeuka. "Amenichukulia" ni neno moja na ndani yake kuna nani, lini, nani kafanyiwa, kitendo, na kwamba kimefanyika kwa kunihusu. Mtoto anayesema "amenichukulia" hayuko kwenye hatua ya neno moja hata kidogo! Inabidi uhesabu viambishi, na uangalie kipi anakipata na kipi kinamponyoka, je ngeli zinakaa, je anasema kiti kimevunjika au kila kitu kwake ni imevunjika. Fomu iliyotafsiriwa tu toka lugha nyingine haiwezi kuona hayo, na hata viwango vyake, kwamba mtoto wa umri huu apate alama ngapi, vilitoka kwa watoto wa lugha nyingine. Na mkiambiwa muache lugha ya nyumbani muongee lugha moja tu ili mtoto asichanganyikiwe, tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wa lugha moja na wa lugha mbili hazijakuta kwamba lugha mbili zinawachelewesha zaidi. Mtoto apimwe kwa lugha zote anazozisikia, akijua kitu kwa lugha mojawapo ahesabiwe anakijua.

Nimeongelea sana usonji kwasababu ndo maisha yangu, lakini kuna watoto ambao hawana usonji na lugha yao haikui inavyotakiwa, bila sababu inayoonekana, masikio mazima, anacheza na wenzake vizuri. Hawa wanapita chini chini kabisa. Mtoto wa dada yangu ni hivyo, msichana mchangamfu, anakuangalia machoni, anatabasamu, nani angemshuku? Shuleni wakasema hana umakini. Alipopimwa kwa kurudia maneno ya kubuni yasiyo na maana, mfano "mukesa" anaweza, "kolipeto" inamsumbua, "badumireka" inasambaratika yote, ndo ikaonekana kumbukumbu yake ya sauti za maneno haibebi mzigo mrefu. Maagizo ya mwalimu yalikuwa yanamwagika njiani. Tafiti za Marekani na Uingereza zinaonyesha watoto kama hawa ni karibu 7 kati ya 100, yani darasa la watoto 30 unaweza kuwakuta wawili, na wengi hawajulikani. Mi naumia zaidi kwa hawa kwasababu hata ule ugomvi ninaogombana mimi hakuna wa kuwagombania.

Tena lugha inaingia hata pale unapodhani unapima kitu kingine. Lile jaribio maarufu la mwaka 1985 la watafiti Baron-Cohen, Leslie na Frith, la Sally na Anne, mdoli mmoja anaweka gololi kwenye kikapu anatoka, mwenzake anaihamishia kwenye boksi, Sally akirudi ataitafuta wapi. Watoto wenye usonji 16 kati ya 20 walionyesha boksi, ikachukuliwa hawawezi kufikiria kilichopo kichwani kwa mwenzao. Sawa, lakini wanne walijibu vizuri, na baadae ikaja kuonekana watoto viziwi waliozaliwa na wazazi wanaosikia na wakachelewa kupata lugha ya alama nao wanakosa jaribio la namna hiyo. Hawana usonji. Walichokosa ni mazungumzo. Kwahiyo mtoto akikosa swali, hakikisha kwanza kwamba swali lilimfikia.

Kama unaelekea kwenye kipimo hivi karibuni, beba video. Fupi fupi, za nyumbani, anaomba kitu, anacheza peke yake, anakasirika, anafurahi. Chumba cha kigeni kinaweza kumfunga mtoto mdomo na hilo halipaswi kuwa hukumu yake. Uliza mtihani unaitwaje, umetengenezwa kwa watoto gani, kwa lugha gani. Ile fomu ya maswali 20 ya M-CHAT kwa watoto wa miezi 16 mpaka 30 ni ya kuchuja tu, inasema mtoto huyu aangaliwe zaidi, haisemi ana usonji, na watu wanaijaza kwenye simu usiku alafu hawalali. Uliza kama wameangalia na maisha ya kila siku, anavaa, anakula mwenyewe, anajikinga na hatari, maana namba ya IQ, yani alama ya mtihani wa akili, peke yake haitoshi kusema mtoto ana ulemavu wa akili, lazima na hayo yaangaliwe, na kwa mtoto mdogo namba yenyewe inaweza kubadilika sana. Na uliza kama watampima, wamfundishe kidogo, wampime tena, hii naipenda kuliko zote, maana inaonyesha mtoto anajifunza vipi akipewa mkono, sio tu amefika wapi. Wakitaka kumuanzishia picha za kuomba vitu au kifaa cha kuongelea msiogope kwamba atabweteka asiongee, uchunguzi wa tafiti hizo haujaonyesha hivyo, wengine maneno yao yaliongezeka.

Na uwe na daftari. Mi nina madaftari matatu sasa. Naandika sentensi kama alivyoisema, aliitoa wapi, aliitumia wakati gani, na mi nadhani alimaanisha nini. Dada wa usemi anayasoma kabla hata ya kumuona mtoto.

Mwanangu ana miaka 6 sasa, mwezi ujao anapimwa tena. Jumamosi iliyopita nilikuwa nakunja nguo nimeipa dirisha mgongo. Akaja akanishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuza uso mpaka dirishani, na mkono mwingine umenyooka, kidole kimoja juu angani, hakuna alichokuwa anaomba, akasema, "Unaona ndege?" alafu akaniangalia mimi, akaangalia ndege, akaniangalia tena.

Nimeandika tarehe na saa.